Darasa la sanaa la mtaani: mwanangu bado hachori kitu kikafanana. Nimwache au nimhamishe?

Mama Nasra, Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu, hasa walimu na mafundi waliomo humu. Binti yangu ana miaka saba. Tangu likizo iliyopita, kila Jumamosi asubuhi humpeleka kwenye chumba cha sanaa cha mtaa wa pili, ambako vijana wawili na mama mmoja wa makamo wamekodi sehemu ya uani na kuwakusanya watoto wapatao ishirini. Ada ni ndogo, vifaa hutoa wao, na mwanangu siku hiyo huamka bila ya kuamshwa, jambo ambalo siku za skuli sijaliona.

Tatizo langu ni kwamba miezi mitatu imepita na sioni alichojifunza. Hivi karibuni tulirudi kutoka Pemba kwa boti, na Jumamosi iliyofuata akaichora safari ile. Ubavu wa boti umekuwa kama kioo: abiria wote wanaonekana ndani wamekaa safu kwa safu, kuku wametoa vichwa kwenye tenga, nahodha yuko juu pembeni, mdogo kama kidole, na bibi yake, ambaye ni mkubwa kuliko nahodha na abiria wanne wakiwekwa pamoja, amejiinamia. Bahari ni mstari mmoja wa buluu chini ya karatasi, mbingu ni mstari mwengine juu, na baina yake hapana kitu. Nilimuuliza mwalimu kwa nini hakumwelekeza kwamba mtu aliye nje haoni ndani ya boti. Akanijibu kwa upole kwamba yeye alimuuliza tu bibi alikuwa anajisikiaje, na mtoto akachukua kalamu akamwongezea bibi ndoo.

Karibu na hapo lipo darasa jengine, ambalo watoto hunakili picha za aina ile inayouzwa kwa watalii Mji Mkongwe: twiga, Wamasai, majahazi na jua la machweo. Mtoto wa jirani, rika moja na wangu, amerudi na twiga watatu waliosimama sawasawa, na picha yake imeshatundikwa sebuleni kwao. Baba Nasra ameiona, na tangu siku hiyo haachi kuniuliza fedha zetu zinakwenda wapi. Shangazi yake naye, kwa nia njema, ameahidi kumpa shilingi elfu moja kwa kila picha itakayofanana na kitu, na sasa mtoto kabla ya kuanza kuchora huuliza: "Hii nayo ina elfu?"

Juu ya hayo, mama mkwe wangu ana wasiwasi kuhusu kuchora viumbe vyenye roho. Nimhamishe? Nimsahihishe nyumbani? Nataka akili yake ichangamke na awe mtu wa kubuni, lakini sijui kubuni huonekana vipi kwa mtoto wa miaka saba.

Mwalimu wa Chake

Wa alaykum salaam, Mama Nasra.

Nimewafundisha watoto kuchora hapa Chake Chake kwa miaka kadhaa, kwanza skulini na sasa katika ukumbi wa mtaa, na nakwambia mapema kwamba picha hiyo ya boti nimeipenda kabla sijaiona. Katika yote uliyoyataja kama kasoro, mimi sikuona kosa hata moja.

Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani na kufundisha huko, alichapisha mwaka 1947 kitabu kinachoeleza hatua ambazo watoto hupitia katika kuchora. Kuanzia miaka miwili hadi minne hivi, mtoto huchorachora tu kwa furaha ya kuona mkono wake unaacha alama. Baina ya minne na saba huanza kutafuta maumbo, na mtu huwa ni kichwa kilichoota miguu. Baina ya saba na tisa hujitungia alama yake ya kila kitu, akavisimamisha vitu vyote juu ya mstari wa ardhi chini ya karatasi, na mbingu akaiweka juu kabisa kama dari. Binti yako yuko hapo hasa. Ubavu wa boti unaoonesha ndani nao ni wa hatua hiyohiyo, kwa sababu mtoto wa umri huo hachori anachokiona aliyesimama gatini. Huchora anachokijua, na Nasra anajua kwamba ndani ya chombo kile mlikuwa na watu, kuku, na bibi yake aliyelevywa na bahari. Kuhusu ukubwa wa bibi, kilichomjaa mtoto moyoni ndicho kinachojaa karatasini. Nahodha alikuwa mtu wa mbali huko juu, ilhali safari nzima ya siku ile, kwa Nasra, ilikuwa ni bibi.

Akifikia miaka tisa au kumi, mambo haya yataanza kumkera mwenyewe. Atakuja kuuliza vipi chombo kilicho mbali kichorwe kikaonekana kiko mbali, na hapo mwalimu atamfundisha mbinu, maana ameiomba. Kwa bahati mbaya, huo pia ndio umri ambao watoto wengi huweka kalamu chini na kusema "mimi sijui kuchora". Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko ninavyopenda, na aghalabu yametoka kwa mtoto aliyezoeshwa kuwekewa kielelezo mbele yake, kisha kazi yake ikapimwa kwa kielelezo hicho.

Sasa nizungumzie wale twiga. Si Pemba wala Unguja palipo na twiga wa porini, kwa hiyo mtoto wa jirani amemnakili mnyama ambaye hajamwona, kutoka kwa mtu ambaye huenda naye hakumwangalia mnyama bali picha ya mwenzake. Inafaa tukumbuke mtindo huo ulianzaje. Edward Saidi Tingatinga alianza kupaka picha zake Dar es Salaam mwaka 1968, akitumia rangi za baiskeli juu ya vibao vyembamba vya ujenzi, vitu vya bei nafuu vilivyokuwa karibu naye, na alifariki mwaka 1972. Katika muda huo mfupi aliacha namna yake mwenyewe ya kutazama wanyama. Sehemu kubwa ya kinachouzwa madukani leo ni marudio, na siwalaumu wanaouza, kwani wanalisha familia. Lakini mtoto wa miaka saba hana familia ya kulisha.

Ile elfu moja ya shangazi ndiyo iliyonishtua zaidi. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano ambao tayari walikuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe na nyota ya dhahabu likichora, kundi la pili lilipewa cheti hicho ghafla bila ya kuahidiwa, na la tatu halikupewa kitu. Baada ya wiki moja mpaka mbili, kalamu zikawekwa tena mezani kama kawaida. Wale walioahidiwa cheti walitumia takriban nusu tu ya muda ambao wenzao waliutumia kuchora. Kwa kusema kweli, suala la mwanao, "hii nayo ina elfu?", limeufupisha utafiti ule vizuri kuliko nilivyoueleza mimi. Mwombe shangazi, kwa heshima zake zote, fedha hizo anunue karatasi.

Nyumbani usimsahihishe, na wala usikimbilie kusema "nzuri sana", kwa kuwa sifa isiyotazama kitu mtoto huitambua upesi. Kaa naye, umwambie akusimulie. Mwalimu aliyeuliza bibi alijisikiaje mpaka ndoo ikapatikana alikuwa anafundisha, ijapokuwa mafunzo yake hayatundikiki sebuleni.

Fundi Patasi, Mji Mkongwe

Mwalimu wangu, nimekusoma kwa makini, na tumekwenda pamoja mpaka nusu ya njia. Nakubaliana nawe juu ya boti na juu ya elfu moja. Juu ya kunakili, naomba tusimame kidogo.

Mimi ni mchonga nakshi, na ufundi huu niliupata kwa kunakili. Nilipelekwa kwa mjomba wangu nikiwa na miaka kumi na miwili, na muda mrefu wa mwanzo sikuchonga ua hata moja: nilinoa patasi, nilipiga msasa, nikahamisha michoro ya watu wengine kwenye mbao. Nilipopewa yungiyungi langu la kwanza, nilifanya kosa analolifanya kila mwanafunzi. Unatakiwa usimamishe patasi wima, ukate kwanza mpaka wa jani zima, ndipo uje kwa ubavu na kuinua ubao uliobaki nje ya mstari. Mimi nilikuwa na haraka, nikaanza kuinua kabla ya kukata, nyuzi za mti zikachanika na jani likaondoka lote. Mjomba hakunigombeza. Alinipa kipande chengine akaniambia nilirudie ua lilelile, na nililirudia mpaka nikachoka kulihesabu. Mtoto mwenye mawazo mengi na mkono usiomtii hulia, na kilio hicho nacho kinaweza kumtoa kwenye sanaa.

Tazameni milango yetu. Mji Mkongwe uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na wageni wanaokuja husimama mbele ya milango hii wakapiga picha hadi mwenye nyumba akakosa pa kupita. Mafundi walioichonga walifuata maua yaleyale, mnyororo uleule pembezoni, samaki walewale chini ya miimo. Hata hivyo, ukiichunguza utaona kwamba nakshi ya mkono huu si ya mkono ule. Mimi huanza kuangalia kona. Mchoro unaopanda kwenye mwimo ukikutana na unaopita juu ya mlango, kielelezo hakikwambii ufanye nini: kuna fundi aliyeukata tu, kuna aliyelipinda jani likaingia upande wa pili, na kuna aliyeweka ua jengine la kuficha aibu yake. Nikiiona kona naweza kusema fundi huyu alikuwa anafuata au alikuwa anafikiri. Alifika kwenye kona hiyo kwa kunakili.

Kwa hiyo, kwangu mimi, kosa la lile darasa la pili ni kuwapa watoto nakala ya nakala, kisha wakasimama hapo. Mtoto wa miaka saba simpi patasi, lakini mleteni karakana yangu na karatasi nyembamba na kipande cha mkaa. Tutaiweka karatasi juu ya nakshi, atasugua taratibu kwa ubavu wa mkaa, na ua litajitokeza lenyewe chini ya mkono wake. Kisha nitaiondoa karatasi kabla hajafika kwenye kona, nimwambie amalizie anavyotaka.

Maalim wa Jang'ombe

Nachangia pale tu palipotajwa wasiwasi wa mama mkwe, kwa kuwa suala hilo huletwa mbele yangu chuoni mara kwa mara. Sitoi fatwa katika ukurasa kama huu. Kauli za wanazuoni kuhusu picha za viumbe vyenye roho zimetofautiana, na familia ina haki ya kumwendea shekhe inayemwamini. Ninachoweza kukumbusha ni kwamba katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa akicheza na vitoto vya sanamu akiwa nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, na wapo wanazuoni waliochukua hapo ruhusa maalumu kwa watoto na michezo yao. Mama mkwe aelezwe hivyo kwa adabu, na akibaki na msimamo wake, asibishiwe mbele ya mtoto.

Tena hata akitaka mjukuu wake asichore kiumbe kabisa, bado hajafungiwa mlango wa sanaa. Mpeni bikari. Achore duara, kisha bila ya kubadilisha upana wa bikari aweke ncha yake juu ya mzingo na atie alama, ahamie kwenye alama hiyo atie nyengine, na aendelee hivyo. Alama ya sita itamrudisha palepale alipoanzia. Akichora pinde badala ya alama, litatoka ua la majani sita ndani ya duara. Nimewaonesha hayo wanafunzi wangu siku za Alhamisi jioni, na sijamwona mtoto aliyeridhika na ua moja: huyaunganisha, hupaka rangi nafasi zilizobaki baina yake, na baada ya nusu saa kila mmoja ana mkeka wake ambao hakuna mwenziwe aliye nao. Zipo na herufi. Kalamu ya utete iliyokatwa mshazari, ikishikwa kwa pembe ileile, hutoa mstari mnene ikishuka upande mmoja na mwembamba ikienda upande wa pili, na mtoto hugundua mwenyewe kwamba herufi ni umbo kabla ya kuwa sauti.

Kwa upande mwengine, naomba walimu wa madarasa haya wasiweke vipindi baada ya alasiri siku za chuo. Watoto wanachoka, na sisi tunalaumiwa kwamba tunapinga sanaa, ilhali tunachopinga ni ratiba.

Bi Mkubwa wa Bububu

Mimi husaidia kwenye chumba cha sanaa cha mtaani kwetu, kazi yangu hasa ikiwa ni kuosha brashi na kutuliza ugomvi wa kugombania rangi nyekundu, kwa hiyo nitasema la vifaa tu, pamoja na moja la Baba Nasra.

Rangi za dukani zinapokwisha, sisi huingia jikoni. Mkaa uliosagwa, udongo mwekundu uliochungwa, manjano, na mbegu za mzingefuri ambazo ukizisugua kwa vidole hutoa wekundu wa machungwa, vyote huchanganywa na gundi nyeupe kidogo ya maji. Manjano hung'ara mno siku ya kwanza na hupauka upesi yakipigwa na jua. Zamani nikiona ni hasara. Siku hizi watoto hufunika nusu ya karatasi kwa jani, wakaiacha uani juani siku kadhaa, kisha wakaja kutazama lililobaki chini ya kivuli cha jani.

Baba Nasra akiuliza haya yana mwisho gani, mwambieni kwamba Lubaina Himid alizaliwa hapahapa Zanzibar mwaka 1954, na mwaka 2017 alipata Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, akiwa na miaka 63. Katika kazi zake zimo kanga pamoja na maandishi yake. Ni kweli kwamba alichukuliwa Uingereza angali mchanga na akalelewa huko, kwa hiyo tusijipe sifa zisizo zetu, wala simshauri mzazi amsomeshe mwanawe akitazamia tuzo. Nimemtaja kwa ajili ya wale wasemao kwamba kuchora si kazi ya mtu mzima.

Mama Nasra, Mwanakwerekwe

Nakushukuruni nyote, na Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Nimesoma majibu haya mara mbili, mara ya pili nikimsomea Baba Nasra, ambaye alijifanya anatazama mpira.

Shangazi amekubali kuacha elfu zake, ingawa kwa masharti kwamba atanunua karatasi za manila mwenyewe na kuzileta mwenyewe, ili ijulikane zimetoka kwa nani. Mama mkwe amependa maneno ya Maalim, na ameuliza bikari inauzwa wapi. Sikutarajia kuwa yeye ndiye atakayetaka kulichora lile ua, lakini amesema linafanana na alama aliyokuwa akiitia pembeni mwa mikeka yake.

Jana usiku niliitoa ile picha ya boti nikamwambia Nasra anisimulie, bila ya kuuliza hiki nini na kile nini. Alisimulia kwa muda mrefu kuliko safari yenyewe. Kuku aliwahesabu, walikuwa kumi na mmoja. Mwenye tenga alisema wako kumi na mbili, na yeye Nasra bado anaufikiria ule mmoja. Hapo Baba Nasra akapunguza sauti ya televisheni, akauliza yeye mbona hayumo, na safari alikuwapo. Mtoto akamwonesha chini ya benchi la nyuma mistari miwili ya kahawia ambayo mimi nilidhani ni miguu ya benchi. "Wewe hapa. Ulikuwa umelala."

Hatumhamishi. Lakini maneno ya Fundi kuhusu mkono usiotii yamenikaa, kwa sababu wiki iliyopita Nasra alichana karatasi akilia baada ya usukani wa nahodha kukataa kuwa duara. Fundi, ukipata nafasi Alhamisi hii baada ya saa kumi, tutakuja na karatasi nyembamba. Mkaa tunao.

Fundi Patasi, Mji Mkongwe

Karibuni. Saa kumi na nusu ni bora, jua likiwa limehama mlangoni. Mvalisheni nguo ambayo hamuionei uchungu, na Baba Nasra naye aje. Nina mlango wa msaji unaotaka watu wawili kuugeuza.